Tathmini ya Mafunzo ya Igizo Dhima kuhusu Makosa ya Kitaaluma kwa Wanafunzi wa Uuguzi

Mafunzo haya yamekusudiwa wanafunzi wa uuguzi wanaokaribia kuanza mazoezi ya wodini, na lengo lake ni kumwonyesha mwanafunzi la kufanya pale kosa linapokuwa limekwisha kutendeka. Nimeyafuatilia nikiwa mkufunzi na ninayapendekeza, ijapokuwa utekelezaji wake una kasoro ambayo haifai kufumbiwa macho.

Igizo lenye uzito zaidi linahusu insulini, dawa ya kushusha sukari ya damu. Agizo la daktari limeandikwa kwa mkono, "10U", yaani uniti 10, na herufi ya mwisho imekatizwa haraka hata ikafanana na sifuri. Anayeigiza muuguzi wa zamu anasoma uniti 100 na kulijaza bomba zima la sindano la mililita 1, kisha mwenzake anayepaswa kuhakiki dozi anatia saini bila kulitazama bomba hilo. Mkufunzi anapowafichulia kosa, wengi hulikimbilia faili kabla ya kumwendea mgonjwa, ilhali linalotangulia ni kumpima sukari, kumwita daktari, kumpa glukosi sukari inaposhuka na kuendelea kumfuatilia kwa saa nyingi.

Sehemu inayofuata, ya kumweleza ndugu wa mgonjwa, ni ngumu zaidi. Mhadhara humfundisha mwanafunzi kwamba ukweli usemwe, lakini haumzoezi kuutamka mbele ya mtu anayelia. Wanafunzi huanza kwa kusema "kumetokea hitilafu kidogo", na anayeigiza ndugu hung'amua papo hapo kwamba anafichwa jambo, akaanza kuuliza maswali makali ambayo hakuna aliyemwandikia. Sijaona njia nyingine ya darasani inayolifikisha somo hili kwa kina namna hii.

Kasoro niliyoitaja ni mjadala wa baada ya igizo, ambao mara nyingi huwa mfupi kuliko igizo lenyewe. Humo ndimo inapopaswa kuulizwa kwa nini agizo lilikubaliwa likiwa na kifupisho hicho, na kwa nini uhakiki uligeuka kuwa saini tu. Mwanasaikolojia Mwingereza James Reason alieleza mwaka 2000 kwamba madhara hutokea pale mianya iliyomo katika ngazi mbalimbali za kinga inapokaa kwenye mstari mmoja. Mwanafunzi asiyepata nafasi ya kuitafuta mianya hiyo huondoka akiamini kwamba tatizo lilikuwa uzembe wa mtu mmoja.

Kuna pia wakufunzi wanaolitolea igizo alama, jambo ninalolipinga kabisa, kwa kuwa anayepimwa hujifunza kuficha. Aliyeigiza mkosaji naye asiachwe aondoke akiwa bado amebeba lawama za uhusika wake, bali aitwe kwa jina lake na aulizwe anavyojisikia.

Kuhusu vifaa, kitanda, chati ya dawa na mabomba ya sindano vinatosha, hivyo chuo kisicho na wanasesere wa mafunzo wanaoendeshwa kwa kompyuta hakina sababu ya kuahirisha. Gharama halisi ni mkufunzi aliyefunzwa kuongoza mjadala, pamoja na ratiba inayompa muda wa kuufikisha mwisho.