Eti ngoma haipo kwenye damu yangu

Jamani naombeni niseme hili maana limenikaa kooni. Nilijiunga na darasa la kucheza salsa hapa Dar, jina lao silitaji. Umri wangu umeshasogea, kazini nakaa kwenye kiti kutwa nzima, mgongo unauma, nikasema acha nijaribu kitu kipya. Kilichonivuta ni maneno yao. Kwenye grupu la WhatsApp mwalimu alikuwa anatuma voisi noti kila asubuhi za mtazamo wa kukua, kwamba uwezo unajengwa kwa mazoezi, hauji na mtu toka tumboni, akamtaja mpaka profesa Carol Dweck wa Chuo Kikuu cha Stanford, kwamba ukishindwa usiseme siwezi, sema siwezi bado. Hilo neno "bado" lilinigusa kweli. Nikalipia mwezi mzima, elfu themanini keshi.

Sasa wiki ya pili au ya tatu hivi, tuko darasani, mimi nimesimama mbele maana nikikaa nyuma hesabu siisikii vizuri. Salsa unahesabu mpaka nane ila ya nne na ya nane hukanyagi, unatulia. Mimi kila ikifika tano napotea, natoka na mguu uleule. Mara ya kwanza, mara ya pili, ya tatu mwalimu akazima muziki. Hakupunguza, alizima kabisa, watu wote kimya, akaniambia, "Mama, wewe ngoma haipo kwenye damu, usijilazimishe. Kakae pale uangalie wenzio."

Pale penyewe ni kiti cha plastiki pembeni ya dumu la maji. Nikaenda nikakaa. Mtu mzima mimi, nalea watoto, nimekaa pale jasho linanishuka mgongoni na hakuna hata mmoja anayeniangalia usoni.

Hivi hiyo damu ndo nini? Bibi yangu ni Mmakonde wa Newala, tulivyokuwa wadogo sindimba ikipigwa tulikuwa tunajichomeka nyuma ya wakubwa, ukikosea kiuno wanakucheka, wanakuvuta mkono, unarudi tena, mpaka mwili unashika. Sikuwahi kuona mtoto anatolewa kwa kukosea. Na wale wazee hawakuwa na voisi noti za mtazamo.

Aliyeniokoa ni kijana msaidizi wake. Watu walivyotoka kunywa maji akanifuata, akachuchumaa akabandika vipande vya solotepu kwenye tailizi, akasema mama usinione mimi, nione miguu. Akaniangalia kama dakika mbili tu akagundua. Kumbe ile ya tatu nilikuwa nagusisha mguu wa kulia chini halafu uzito wote nauacha kushoto, kwahiyo tano ikifika mguu wa kushoto ndo umenibeba, utaendaje mbele? Akasema ukikanyaga tatu, inua kisigino cha kushoto, kikinyanyuka ujue umehama. Nikainua. Tano ikatoka yenyewe! Nililia, sidanganyi. Yaani miaka yote naambiwa mimi mwili mgumu, kumbe ni kisigino.

Kwahiyo nilitaka kuandika msiende kabisa, lakini nikikumbuka ile siku moyo unalainika, darasa lina faida yake, mgongo umepungua kuuma na hata kazini nikipewa kitu nisichokijua siogopi kama zamani. Nilikuwa tayari kumsamehe. Wiki iliyofuata nikacheza wimbo mzima bila kupotea, mwalimu akapiga makofi mbele ya watu, akasema, "Mnaona? Mimi nilimsema makusudi ili aamke."

Makusudi! Hakuniangalia miguu hata siku moja, hajui mpaka leo nilikuwa nakosea wapi, halafu mafanikio anachukua yeye na yule kijana kasimama pembeni kimya anakunja waya wa spika. Hapo nikaona hapana. Mtu anayefundisha "siwezi bado" kwenye simu na ukimkosea hesabu anakwambia damu, huyo mimi simpi hela yangu. Mwezi ulivyoisha sikulipa tena.

Yule kijana akianza kufundisha mwenyewe, hata iwe uani kwao, naombeni mnishtue, nitakuja na mashoga zangu wote. Kwa sasa nimebandika solotepu sebuleni, na mwanangu wa mwisho kashaanza kuinua kisigino.