Miezi 14 na Kong: kwa nini Kito hapewi mfupa tena

Kabla ya Kong, kitafunwa cha raba cha mbwa, naanza na jino, maana ndilo lililonibadilisha.

Kito ni mbwa jike wa kilo 27, na tangu akiwa na meno ya utoto hajawahi kukaa bila kitu mdomoni. Nilikuwa nikimpa mfupa mnene wa paja la ng'ombe, mbichi, nikijua namtendea wema. Jioni moja nikaona anatafunia upande mmoja tu, chakula kinamdondoka. Nilipomfunua mdomo nikakuta gego kubwa la juu limebanduka ubavu mzima, na katikati pana kidoa chekundu.

Daktari wa mifugo hakushangaa. Alinionyesha kwamba gego lile hukutana na la chini kama mkasi, na ndilo mbwa analolitegemea akiwa na kitu kigumu, kwa hiyo ndilo linaloathirika sana. Ufa ukishafika kwenye kiini cha jino, mbwa anatibiwa mzizi au jino linang'olewa. La Kito liling'olewa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Mbwa mzima ana meno 42. Wangu amebaki na 41. Kilichoniumiza zaidi ni kusikia kwamba huenda alikuwa na maumivu siku kadhaa kabla sijagundua. Mbwa mwenye jino bovu halii. Anakula tu, polepole, huku wewe ukidhani yuko salama.

Siku hiyo nilifundishwa kipimo ambacho nimekitumia tangu hapo: bonyeza kwa ukucha wa dole gumba. Kama ukucha hauachi alama yoyote, hicho kitu ni kigumu mno kwa jino. Nilirudi nyumbani nikapima kila kitu kwenye kikapu chake. Pembe ya kulungu ilishindwa. Kwato zilishindwa. Kijiti cha nailoni ngumu, kilichouzwa kama kifaa cha meno, nacho kilishindwa. Vyote nilivitupa, na nilijisikia vibaya sana, maana kila kimoja nilikinunua kwa mapenzi.

Ila ukucha hauambii kila kitu. Kipande cha ngozi ya ng'ombe iliyokaushwa na kusokotwa kilipita vizuri kikishalowa mate, na Kito alikipenda kupita kiasi. Siku ya tatu kilikuwa kimebaki kama kidole, akakimeza kizima. Alikohoa, akanyoosha shingo, akakitapika mbele yangu. Ngozi ya namna hiyo hulainika na kuvimba, na kipande kikubwa kikishuka kinaweza kuziba utumbo. Kwa hiyo ukubwa nao ni kipimo: kitafunwa kisiweze kuingia chote mdomoni, na kikishapungua kufikia hapo, mnyang'anye.

Mifupa iliyopikwa sijawahi kumpa, na nakusihi nawe usimpe mbwa wako, hata wa kuku, hata mmoja. Moto huukausha mfupa, ukivunjika unatoa ncha kali zinazoweza kutoboa koo au utumbo. Usidhani kufungwa kwenye pakiti ya dukani kunaufanya salama. Mwaka 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu mifupa ya dukani iliyokaushwa au kubanikwa kwa moshi, baada ya kupokea taarifa zipatazo 68 za mbwa walioumia au kuugua. Mbwa 15 waliripotiwa kufa.

Ndipo nikafika kwenye Kong, ile raba nyekundu yenye umbo la mipira mitatu iliyopandana, wazi ndani. Joe Markham aliibuni miaka ya 1970 kwa ajili ya mbwa wake Fritz, aliyekuwa akiharibu meno kwa kutafuna mawe. Fritz aliyaacha mawe alipopata kipande cha raba kilichotoka kwenye gari la Volkswagen. Nilipoisoma habari hiyo nilijua kabisa Fritz alikuwa mbwa wa aina gani.

Nikiibonyeza kwa ukucha, inabonyea. Meno ya Kito yanazama kidogo kisha raba inarudi. Naijaza chakula chake cha kawaida kilicholoweshwa, nakishindilia, naigandisha usiku kucha. Asubuhi ananyamaza nayo dakika 40 hivi, analamba, anabana, anaiangusha na kuifuata tena. Kiasi ninachojaza nakipunguza kwenye bakuli lake, maana vitafunwa havipaswi kuzidi asilimia 10 ya nishati anayokula kwa siku. Mara mojamoja napaka siagi ya karanga, baada ya kusoma kibandiko kuhakikisha haina zailitoli: hiyo sukari mbadala hushusha sukari ya damu ya mbwa ghafla na inaweza kuharibu ini. Napenda pia kwamba raba hii ina tundu la pili, dogo, upande wa juu. Kifaa chenye tundu moja kinaweza kuvuta na kunasa ulimi.

Malalamiko yangu ni mawili. Kuiosha ni kazi. Bila brashi ya chupa mabaki hukaa ndani na kunuka. Na haisafishi meno kama nilivyotarajia, ukoga uliendelea kujengeka kwenye magego ya nyuma, kwa hiyo nampiga mswaki kwa dawa ya mbwa. Kwa anayetaka kitafunwa cha kupunguza ukoga, atafute chenye muhuri wa VOHC, baraza la madaktari wa mifugo linaloangalia afya ya kinywa, halafu bado akipime kwa ukucha.

Juzi nimeona ukingo wa tundu kubwa umeanza kumegeka, vipande vidogo kama punje za mchele. Nimeiondoa siku hiyohiyo. Nimeagiza ile nyeusi, ya raba imara zaidi, kwa watafunaji wenye nguvu. Ikifika nitaibonyeza kwanza kabla Kito hajaiona.