Kattegattleden na watoto: baiskeli, tela na hema kutoka Helsingborg hadi Göteborg

Kwa familia yenye watoto wadogo, sijaona njia ya baiskeli inayoifikia hii. Inafuata pwani ya magharibi ya Uswidi, kilomita 390 hivi. Ilifunguliwa mwaka 2015, na mwaka 2018 ikapata tuzo ya njia bora ya baiskeli ya mwaka barani Ulaya. Inastahili.

Tulikwenda mwezi Juni. Mume wangu alivuta tela la kitinda mimba wetu, dada mtu akaendesha baiskeli yake, mimi nikafunga hema na sufuria kwenye keria. Jambo kubwa ninalowaambia wazazi wenzangu: anzieni Helsingborg, si Göteborg. Upepo wa pale mara nyingi hutoka kusini-magharibi, na tela hushika upepo kama tanga. Ukielekea kaskazini unasukumwa. Ukielekea kusini utapambana nao mchana kutwa. Tulipishana na familia zilizokuwa zikishuka, na nyuso zao zilitosha kutueleza.

Kuna vilima mapema, kwenye rasi ya Bjäre kabla ya Båstad. Pale tulishuka tukakokota. Baada ya hapo ni tambarare na fukwe za mchanga, Tylösand, Skrea, na watoto wakataka kuoga kila tunapofika. Maji ni ya baridi kweli, sisi wa Tanga tuliishia magotini, wao hawakujali.

Sheria ya Uswidi inaruhusu kupiga hema usiku mmoja mbali na nyumba za watu. Ila pwani hii imejaa nyumba za mapumziko na hifadhi zenye masharti yake, kwa hiyo tulilala zaidi kwenye kambi za kulipia: maji ya moto, jiko la pamoja, ugali unasongwa bila shida. Kambi moja ilituudhi sana, tulilipia nafasi ya hema tukapewa changarawe tupu, vigingi haviingii. Chukueni pia hema la kitambaa kizito cheusi, maana jua huzama kama saa nne usiku na mtoto hakubali kwamba ni usiku.

Kutoka Kungsbacka njia inapita palipokuwa na reli ya zamani ya Särö. Binti yetu alitangulia mwenyewe, nami sikuwa na wasiwasi wowote. Kofia ngumu ni lazima kisheria kwa walio chini ya miaka 15. Na bebeni tyubu za akiba za tela. Saizi zile ndogo hazipatikani kila duka.