Gugu maji sebuleni: cha kununua Kisumu msimu wa mvua na cha kuacha sokoni

Kikapu cha gugu maji kilichokauka sawasawa kinanuka kama nyasi kavu, au hakinuki kabisa. Kikinuka kama gunia lililolowa, kirudishe kilipokuwa hata kama umbo lake limekupendeza. Kwa anayetaka kubadilisha sura ya sebule mwezi wa Machi au Aprili hapa Kisumu, pua ndiyo kipimo cha kwanza, kabla ya macho na kabla ya bei.

Mtindo wenyewe wa vitu vya kusukwa umetoka mbali. Ulaya na Marekani, Machi ni mwanzo wa majira ya machipuko: madirisha yanafunguliwa, mapazia mazito ya baridi yanatolewa, vitu vyepesi vinaingia. Miaka hii wamependa rangi za udongo, vitu vilivyosukwa kwa mkono, na vyungu ambavyo bado vina alama za vidole vya mfinyanzi. Pantone, kampuni ya Marekani inayotangaza rangi ya mwaka, ilichagua kahawia ya Mocha Mousse kwa 2025 na nyeupe tulivu ya Cloud Dancer kwa 2026. Ukiziweka pamoja umepata chungu kando ya ukuta wa chokaa, yaani nyumba ya bibi yeyote wa magharibi mwa Kenya. Tofauti ni hewa. Kule kitu kilichosukwa kinaingia katika nyumba iliyokaushwa na hita miezi mitatu. Huku kinaingia mvua ndefu zikianza, na ziwa liko mlangoni.

Bua bichi la gugu maji ni maji karibu matupu, zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za uzito wake. Ndani lina vyumba vidogo vya hewa kama sponji, na ndiyo maana mmea unaelea. Likianikwa, ngozi ya nje hukauka kwanza, ndani kukabaki na unyevu siku kadhaa. Jua likiwa kali, wiki moja hadi mbili zinatosha; mawingu yakitanda kila alasiri, muda huo haufai kuhesabiwa kwa kalenda. Fundi mwenye haraka husuka bua ambalo nje ni kavu na ndani ni bichi, kisha akapaka vanishi. Vanishi hufunga njia ya unyevu kutoka. Baada ya wiki tatu hivi madoa meusi yanatokea chini ya vanishi, na hapo hakuna kitambaa kitakachoyafikia. Mwenye nyumba hulaumu hewa ya Kisumu, lakini ukungu aliununua pamoja na kiti.

Ukimuuliza fundi, "Haya yamekauka siku ngapi?" jibu zuri lina idadi ya siku, na lina habari ya mvua: yalianikwa lini, yaliingizwa ndani mara ngapi. "Hii imekauka kabisa, mama, usijali" si jibu. Kuna jaribio lisilogharimu kitu. Chukua kipande cha nailoni angavu, ile ya kufunikia meza inayouzwa kwa mita, ufunike nayo kikapu au mkono wa kiti, uache juani nusu saa. Matone yakijikusanya upande wa ndani wa nailoni, rudi mwezi ujao. Bila nailoni, bonyeza msuko kwa kidole gumba karibu na ukingo. Mkavu hulia kama karatasi na kurudi mahali pake. Mbichi unanyamaza na kubaki na kishimo.

Sasa pindua kiti. Wanunuzi wengi hukaa, wakajisikia vizuri, wakaanza kupatana bei, na uhai wa kiti uko chini. Fremu za mkaratusi ni imara, lakini mkaratusi uliopasuliwa juzi hujikunja ukikauka. Fremu ikijikunja, msuko unalegea upande mmoja na kukaza upande wa pili mpaka ukatike. Tafuta viungo vilivyochongwa vikaingiliana, vikatiwa gundi na skrubu. Misumari mitupu hutoka kidogo kidogo kila mtu anapoketi. Kagua matundu madogo kama kichwa cha pini: yakiwa na unga laini unaomwagika ukigonga, wadudu wamo, na kuipaka mbao dawa sasa hivi juu ya msuko ni kazi bure, kwa sababu dawa ilitakiwa ipakwe kabla fremu haijafunikwa. Fremu ya chuma haina wadudu, ila iwe imepakwa redi oksaidi, rangi ya kuzuia kutu, kila mahali, hasa kwenye maungio ya kuchomelea. Kutu hupenya msuko ikaacha mistari ya rangi ya chai.

Halafu miguu. Viti vingi vya kupendeza vimesukwa mpaka sakafuni, na hivyo ndivyo vinavyooza mapema. Sakafu zetu hupigwa deki kila siku. Maji ya deki hunyonywa na mabua ya chini, yakauke nusu, yalowe tena kesho asubuhi. Chagua kiti ambacho msuko unaishia angalau sentimita tano juu ya sakafu, mguu wa mbao ukiwa wazi. Kama umekipenda kile cha kufika chini, mwambie fundi apigilie vipande vya raba chini ya kila pembe.

Je, seti nzima ya viti inastahili? Kwa sebule ya familia yenye watoto wanaoruka juu ya mikono ya viti, hapana. Mkono wa kiti ndio unaofumuka kwanza, na kufumua na kusuka upya mkono mmoja ni kazi ya siku nzima kwa fundi yuleyule, kwani kila mtu ana kamba yake: mmoja husokota nyuzi tatu, mwingine hutumia bua zima. Kiti kimoja cha pembeni kando ya kochi la kitambaa ulilonalo kinabadilisha chumba kuliko seti ya viti vitano vinavyofanana. Kiwekee mto wa sponji nzito ya inchi nne wenye foronya ya zipu, kwa sababu sponji nyepesi hulala ndani ya mwezi mmoja na uzito wote ukarudi kwenye msuko.

Vikapu ni ununuzi bora zaidi katika kundi lote la gugu maji: vya kuweka nguo chafu, blanketi, vitu vya kuchezea vya watoto. Havibebi mtu, hewa inapita, na kikichakaa hujapoteza sana. Kifuniko cha taa kinafuata, kwa masharti. Tumia balbu ya LED ya wati 7 hadi 9 pekee. Balbu ya zamani ya waya, ya wati 60, ina joto la kutosha kuunguza bua kavu. Balbu iwe mbali na msuko kwa sentimita kumi kila upande, na kishikio kifungwe kwenye pete ya chuma, kisibanwe kwenye bua lenyewe. Kifuniko chenye msuko wa wazi hutupa ukutani kivuli kama wavu wa samaki, na hapo ndipo pesa yako inapoonekana. Chenye msuko wa kubana hula mwanga wote. Hicho ni cha pembeni tu, si cha katikati ya chumba.

Ukungu ukianza ingawa ulichagua vizuri, changanya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, futa kwa kitambaa kilichokamuliwa, kisha toa kitu juani saa mbili au tatu. Usikiache kutwa, jua la mchana kutwa hukausha bua mpaka livunjike likikunjwa. Jik, dawa ya kung'arisha nguo, huondoa doa na nguvu ya uzi pia, basi iache chooni. Msimu wa mvua sogeza kila kilichosukwa sentimita tano hadi nane kutoka ukutani, maana ukuta wa nje hushika baridi na unyevu.

Watu husema kununua gugu maji ni kusafisha ziwa. Mmea huu asili yake ni Amerika Kusini, ulionekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na ukipata virutubisho vya kutosha unaweza kujizidisha mara mbili ndani ya wiki mbili hivi. Vikapu havitaumaliza. Lakini ukivunwa hakuna anayeulilia, na hapo umetofautiana na mafunjo, yale Wajaluo wanayoyaita togo. Mafunjo ya Dunga, kinamasi cha ziwa hapa Kisumu, ni makao ya samaki wachanga na ndege wasioishi penye mimea mingine. Huchipua tena yakikatwa, ila kinamasi chote kikikatwa kwa pamoja hakina pa kuanzia.

Mkeka wa mafunjo ni mzuri mpaka uwekwe sakafuni. Bua lake lina ngozi ngumu na kiini kama pamba; mguu wa kiti ukilikanyaga linapasuka, na maji ya deki yanalimaliza. Mahali pake ni ukutani, nyuma ya kitanda au nyuma ya runinga. Pigilia fito nyembamba za mbao ukutani kwanza, ndipo ufunge mkeka juu yake, ili hewa ipite nyuma. Ukiukunja utavunjika kwenye mkunjo. Usafirishe ukiwa umeviringishwa.

Kwa thamani ya pesa, mshindi hatoki ziwani. Vyungu vya Ilesi, vinavyopangwa kando ya barabara ya Kisumu kwenda Kakamega karibu na Khayega, ndivyo vinavyoifanya rangi ya udongo ionekane ya kweli. Gonga chungu kwa pingili ya kidole: kizima kinalia, chenye ufa kinatoa sauti butu. Vimechomwa kwa moto wa wazi, si tanuri la joto kali, kwa hiyo hutoa jasho. Ukitia udongo na mmea moja kwa moja, meza ya mbao itapata duara jeupe ambalo halitoki. Tia mmea kwenye ndoo ndogo ya plastiki iliyotobolewa, panga kokoto za kina cha sentimita tatu ndani ya chungu, ndoo ikae juu yake. Madoa meusi ya moshi kwenye chungu usiyasugue. Ndiyo uzuri wenyewe.

Mawe laini ya sabuni yanayochongwa Tabaka, Kisii, hayahitaji maneno mengi. Nunua yasiyotiwa rangi, au yafute kwa kitambaa cheupe chenye maji kabla ya kulipa: rangi ikibaki kwenye kitambaa itabaki pia kwenye pazia. Moja kubwa rafuni linatosha. Yakiwa kumi chumba kinageuka duka la watalii.

Mapazia ndiyo yanayoharibu kazi yote hii, na soko la Kibuye siku ya Jumapili ndiko kosa linakofanyika. Mitumba ya mapazia ina kitani na pamba nzito ambazo hutazipata mpya kwa bei hiyo, lakini ilishonewa madirisha ya watu wengine. Nenda na futi ya kupimia. Dirisha la mita 1.5 linataka fimbo ya mita 1.9, ipite sentimita ishirini kila upande, na ifungwe sentimita kumi na tano juu ya dirisha. Kitambaa kiwe mara mbili ya fimbo, yaani mita 3.8 kwa vipande viwili. Kikipungua hapo pazia likifungwa linanyooka kama shuka kwenye kamba. Matundu ya pete yawe idadi shufwa kila kipande, nane kwa mfano, ili pindo zote mbili zielekee ukutani. Shikilia kitambaa kwenye jua na uvute kwa nguvu pale mikunjo ya juu ilipokuwa. Kilichochomwa na jua la miaka kinachanika hapo kwanza. Pamba ifue kabla haijaenda kwa fundi, kwani inaweza kurudi asilimia tano: pazia la mita 2.4 linapoteza sentimita kumi na mbili, na hizo ndizo zinazoonekana.

Rangi ya ukuta iwe ya mwisho, vitu vikiwa tayari chumbani. Ukuta mmoja wa mita 4 kwa 2.7 unataka takriban lita mbili na robo kwa mikono miwili, kama plasta ni laini. Tofali iliyofifia au kijani cha majani makavu yote yanakaa vizuri na gugu maji. Mocha Mousse yenyewe, katika chumba chenye dirisha moja dogo, ni giza tu.

Msomaji wa Nakuru ana shida nyingine. Kule juu, karibu mita 1,850, hewa ni kavu na baridi zaidi, ukungu ni nadra, lakini vumbi huingia katikati ya nyuzi na kuzikata kama msasa kila mtu anapoketi. Brashi ya rangi ya inchi mbili mara moja kwa wiki inalitoa. Kitambaa chenye maji hulisukuma ndani zaidi.

Kama kiti kinapanda matatu, lipia turubai juu ya paa hata kama anga ni safi mnapoondoka Kisumu, kwa sababu mvua za huku hupenda kuanza alasiri. Kikifika, kiache kivulini penye upepo siku mbili kabla ya kukiingiza chumbani, na usikiongezee vanishi wiki hiyo.