Kiingereza cha gereji: wiki 8 nikiwa na spana mkononi

Mimi ni fundi magari, Gerezani, Dar es Salaam. Gari nalijua, kilichokuwa kinanishinda ni kitabu chake cha maelekezo. Niliwahi kulipia kozi ya jioni, miezi 3 ya kunakili nyakati za vitenzi ubaoni, nikatoka siwezi kusoma hata ukurasa mmoja wa breki. Hii ya Kiingereza cha ufundi, shilingi 120,000 kwa wiki 8, niliiendea kwa wasiwasi.

Siku ya kwanza hatukufungua daftari. Uani palikuwa na Corolla kuukuu. Mwalimu akapiga magoti, akaweka spana kwenye nati ya tairi, akaizungusha kidogo, akaiacha palepale: "Loosen." Akaendelea hadi ikatoka, akamwekea mmoja wetu kiganjani: "Remove." Kisha tukapokezana spana, yeye anaamuru, sisi tunatenda kimya. Wiki nzima.

Gereji tunasema "fungua nati" kwa yote mawili. Kitabu kinatenganisha: legeza tairi ikiwa bado chini, piga jeki, ndipo utoe. Na "funga" yetu ina kazi nyingi zaidi. Tunafunga tairi, tunafunga nati, tunafunga boneti. Kiingereza kina fit, tighten na close. Miaka yote nilikuwa nachanganya hapo, na hakuna mwalimu wa ubaoni aliyewahi kuligusa. Siku niliyokaza nati kwa msalaba, yaani moja kisha inayoikabili, kwa spana ya kupimia nguvu ya kukaza, ikalia "tak" ilipofika nyutoni mita 103, "until it clicks" ilinikaa na haijanitoka.

Kasoro zipo. Tulikuwa 14 na spana hiyo ni moja, wa mwisho anapata dakika mbili. Kubwa zaidi, kutii amri tulijifunza vizuri, kujibu hatukujifunza. Mteja haamuru, anauliza gari linalia nini, na hapo bado nababaika. Wangeongeza wiki 2 za kuongea na mteja, ningelipa tena.

Fundi ambaye tayari ana mkono wa kazi, aende. Asiyewahi kushika spana atapata tabu, maana atajifunza vitu viwili kwa mpigo.

Juzi nilifungua kurasa za breki za mbele, kijana wangu akiwa amechuchumaa kwenye tairi. Nikawa nasoma, yeye anafanya. Nilipofika "loosen" akataka kuitoa kabisa. Nikamwambia, "Hapana mdogo wangu, legeza tu kwanza."