Mashine ya aiskrimu niliyonunua, na fundi aliyeniambia maziwa yangu yana maji

Mnisamehe, naandika nikiwa na hasira bado. Mimi ni mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, nilichoka kuuza maziwa mabichi kwa bei anayopanga mnunuzi, leo anachukua kesho anakwambia tenki limejaa, na maziwa hayasubiri mtu. Nikaona bora nitengeneze aiskrimu mwenyewe. Nikanunua mashine ya kugandisha, ile inayozungusha mchanganyiko ndani ya silinda. Wauzaji siwataji.

Mwezi wa kwanza hivi raha tupu, aiskrimu laini, nzito, mtoto akionja leo kesho anarudi na mama yake. Wakaja kufanya ile sevisi ya bure. Baada ya hapo mambo yakaharibika, ukiiweka mdomoni inakwaruza, chembechembe za barafu kama mchanga, na kilichokuwa kinaganda kwa dakika 10 na kitu kinakaa karibu nusu saa bado uji.

Nikapiga simu wiki nzima ndo fundi akaja, yule yule wa sevisi. Hata mfuniko hakufungua! Kaonja kidogo, kanitazama, "mzee, maziwa yako yana maji."

Mimi? Mfugaji umwambie anatia maji kwenye maziwa, mbele ya mke wangu na wateja wawili? Nikachota maziwa ya asubuhi nikatumbukiza laktomita, kile kipimo cha kuonyesha kama maziwa yametiwa maji, palepale, ikasoma 30, maziwa safi kabisa hayo, hata hakugeuza shingo. Nikamweleza mchanganyiko naupasha moto hadi nyuzi 69 naushikilia hapo nusu saa, kisha unalala kwenye friji usiku kucha kwa nyuzi 4 ili mafuta yagande vizuri. Akanijibu wafugaji mkae na ng'ombe, mashine tuachieni sisi. Akaandika kwenye risiti "maziwa hafifu", akadai nauli, akaondoka.

Usiku ule sikulala. Nikachomoa umeme, nikafungua mwenyewe, tochi nimeing'ata mdomoni. Ukuta wa ndani wa silinda umevaa barafu nyembamba ngumu kama ganda la yai. Nikatoa visu vya kukwangua, kimoja kimefungwa kinyume, makali yanatazama nyuma!! Sasa barafu isipokwanguliwa inageuka blanketi, baridi haipenyi, mchanganyiko unaganda polepole, na ukiganda polepole ndo chembe zinakuwa kubwa. Na aliyegusa visu hivyo mara ya mwisho ni yeye, kwenye hiyo sevisi.

Nikakigeuza, nikafunga, asubuhi nikawasha. Aiskrimu ikatoka kama zamani, imekunjamana kwenye kijiko haidondoki. Kwa hiyo kusema haki mashine yenyewe ni nzuri, inasukuma kazi na haili umeme sana, nilikuwa nimeanza hata kuandika kwamba nunueni tu. Lakini nikiiona ile risiti moyo unapanda tena. Hapana, msinunue kwao. Au kama umeshanunua, siku ya sevisi simama hapohapo fundi akifunga visu, usiende hata kukamua.

Nimewatumia picha ya kisu kilivyokuwa, wameifungua, kimya mpaka leo. Nauli wakae nayo. Ninachotaka waje wafute yale maneno kuhusu maziwa yangu, na wafute mbele ya mke wangu.