Waslavi na Wanepali ndani ya data.census.gov: tathmini ya huduma ya takwimu kutoka Tanga

data.census.gov ni huduma ya bure ya Ofisi ya Sensa ya Marekani, inayomwezesha mtu yeyote mwenye intaneti, awe Washington au Ngamiani, kufungua majedwali kuhusu watu wanaoishi katika nchi hiyo: walikozaliwa, asili wanayojitajia, elimu yao, kipato, kazi, nyumba wanazoishi na lugha wanazozungumza majumbani mwao. Ilianza mwaka 2019 na kuchukua nafasi ya American FactFinder, iliyofungwa Machi 2020. Nimeitumia hapa Tanga kwa kazi moja mahususi, nayo ni kulinganisha hali ya kijamii na kiuchumi ya wahamiaji wa Kislavi, yaani watu wenye asili ya mataifa kama Poland, Ukraine na Urusi, na ya wahamiaji wa Kinepali. Nitangulize hukumu yangu: ni huduma ya kuaminika, na ningependa walimu na waandishi wa habari wa mkoa huu waizoee, lakini yeyote atakayechukua jedwali la kwanza linalojitokeza na kutangaza ni jamii ipi kati ya hizo mbili iliyofanikiwa zaidi atakuwa amewapotosha watu.

Swali hilo lina uzito kwetu. Kwa miaka mingi, ilipofika Oktoba na Novemba, vijana wengi walifika kwenye mabanda ya intaneti kujaza fomu za bahati nasibu ya viza ya Marekani, ile iliyowekwa na sheria ya mwaka 1990 na kutengewa hadi viza 55,000 kwa mwaka, huku nchi moja ikizuiwa kupata zaidi ya asilimia 7. Wanepali wamekuwa miongoni mwa mataifa yaliyozipata kwa wingi, na Waukraine na Warusi nao wamepitia mlango huohuo. Ndiyo maana barazani husikika mabishano mawili: kwamba Wanepali wamefika juzi tu na tayari wamesimama, na kwamba Waslavi hufaulu bila jasho kwa kuwa ni weupe. Wala si watu wageni kabisa katika historia yetu, kwa sababu Wagurkha, wanajeshi wa asili ya Kinepali, walikuwamo katika kikosi cha Kashmir kilichopigana hapa Tanga Novemba 1914, na Wapolandi wapatao 5,000 waliishi kambini Tengeru, karibu na Arusha, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia.

Takwimu nyingi za huduma hii hutoka kwenye utafiti uitwao American Community Survey, kwa kifupi ACS, ambao kila mwaka huchagua takribani anwani milioni 3.5 ambazo wakazi wake hutakiwa na sheria kuujibu. Maeneo yenye watu 65,000 au zaidi hupata makadirio ya mwaka mmoja, na maeneo madogo husubiri makadirio yanayounganisha miaka mitano. Kando ya kila tarakimu huandikwa kiasi ambacho inaweza kukosea juu au chini kwa sababu ni sampuli, jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa sifa kubwa kuliko zote, kwani linamzuia msomaji mwadilifu kushangilia tofauti ambayo huenda haipo. Mtanzania anayeifungua kwa mara ya kwanza atahitaji muda wa kuzoea swali la asili, maana sensa zetu ziliacha kuuliza kabila baada ya ile ya mwaka 1967, ilhali Mmarekani bado huulizwa asili yake na kuiandika mwenyewe kwa maneno yake.

Jaribio la wazi ni kuchukua jedwali S0201, ambalo humpa msomaji wasifu wa kundi moja la asili kuanzia umri hadi umiliki wa nyumba, kisha kuwaweka watu wa asili ya Poland upande mmoja na Wanepali upande wa pili. Picha inayotokea ni nyepesi kuisoma: Wapolandi wana umri mkubwa zaidi, kipato cha kaya zao kimezidi cha taifa, na wengi wao wanamiliki nyumba, Wanepali ni vijana, wengi wamezaliwa nje ya Marekani, na sehemu kubwa wanaishi katika nyumba za kupanga. Hapo ndipo mtumiaji anapopaswa kujizuia. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu wapatao milioni 8.6 waliojitaja kuwa na asili ya Poland, peke yake au pamoja na nyingine, na walio wengi miongoni mwao walizaliwa Marekani, wakiwa wajukuu na vitukuu vya watu walioingia kabla ya mwaka 1914. Wanepali walikuwa chini ya 60,000 mwaka 2010 na walizidi 200,000 mwaka 2020. Jedwali hilo, kwa maana nyingine, humlinganisha kitukuu wa mhamiaji na mhamiaji mwenyewe.

Na huyo mhamiaji wa Kislavi wa zamani hakupokewa kwa heshima ambayo vijana wetu hudhani weupe ulimletea. Waslavi walichimba makaa ya mawe na kuyeyusha chuma Pennsylvania kwa ujira mdogo. Tarehe 10 Septemba 1897, huko Lattimer, wachimbaji 19 waliokuwa kwenye maandamano ya mgomo bila silaha, wengi wao Waslavi, waliuawa kwa risasi za kikosi cha mkuu wa polisi wa wilaya. Tume ya Dillingham, tume ya Bunge la Marekani kuhusu uhamiaji iliyofanya kazi kati ya 1907 na 1911, iliwaeleza watu wa kusini na mashariki mwa Ulaya kuwa wahamiaji duni, na sheria ya uhamiaji ya mwaka 1924 ikawabana kwa viwango vya kila nchi. Walijijenga wenyewe kwa wenyewe: Polish National Alliance ilianzishwa mwaka 1880 na National Slovak Society mwaka 1890, vyama vilivyolipa bima ya maisha kwa wajane wa wafanyakazi ambao kampuni hazikuwajali. Haya hayaonekani popote katika S0201. Kinachoonekana ni matokeo ya vizazi vitatu au vinne vya kazi hiyo, yakiwa yamepewa jina la asili.

Waslavi wenyewe hawamo katika kapu moja. Orodha ya asili ina Wapolandi, Waukraine, Warusi, Wacheki, Waslovakia, Waserbia, Wakroeshia na wengineo, kisha inatenga nafasi kwa waliojiandika Waslavi tu, na nyingine kwa waliojitaja kwa nchi zisizokuwapo tena kama Czechoslovakia na Yugoslavia. Kapu la Warusi ndilo linalohitaji uangalifu kuliko yote. Kwa kuwa sheria ya mwaka 1976 inakataza mtu kulazimishwa kueleza dini yake kwa Ofisi ya Sensa, utafiti hauulizi dini, na hivyo vizazi vya Wayahudi waliokimbia dola ya Urusi tangu miaka ya 1880, pamoja na waliotoka Muungano wa Kisovieti baadaye, huhesabiwa chini ya asili ya Urusi. Elimu na kipato cha juu cha kundi hilo ni habari ya kweli, ila kukiita mafanikio ya Waslavi ni kosa. Kwa sababu hiyohiyo huduma haiwezi kumwonyesha msomaji Wapentekoste na Wabaptisti wa Ukraine waliohamia Sacramento na Portland baada ya sheria ya Lautenberg ya mwaka 1989, iliyorahisisha hadhi ya ukimbizi kwa watu wa dini zilizonyanyaswa katika Muungano wa Kisovieti, ingawa ni jamii kubwa na yenye makanisa yanayosaidiana katika ajira na makazi. Jedwali litawaonyesha kama Waukraine tu, wakichanganyika na waliofika baada ya vita vya Ukraine kupamba moto Februari 2022.

Kwa Wanepali mchanganyiko ni mzito zaidi, na ndiyo sehemu iliyonishughulisha kuliko zote. Kundi moja liliingia kwa viza za masomo, za kazi na za bahati nasibu, na hilo lilikuja na vyeti vya vyuo au uwezo wa kuvipata. Kundi la pili ni Walhotshampa, raia wa Bhutan wazungumzao Kinepali waliofukuzwa nchini mwao mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakaishi karibu miaka 20 katika kambi za Jhapa na Morang mashariki mwa Nepal, kisha kuanzia 2007 na 2008 wakahamishiwa nchi nyingine. Zaidi ya 100,000 walihamishwa, na Marekani ikachukua walio wengi. Leo wana makazi makubwa Columbus na Akron katika Ohio, na Pittsburgh na Harrisburg katika Pennsylvania. Mtu mzima wa kundi hili huandikwa kuwa amezaliwa Bhutan, mtoto wake aliyezaliwa kambini huandikwa kuwa amezaliwa Nepal, na mjukuu aliyezaliwa Ohio ni Mmarekani wa kuzaliwa. Wakijibu swali la asili, mmoja anaweza kuandika Mnepali na mwingine, ndani ya nyumba hiyohiyo, akaandika Mbhutan.

Ndiyo maana elimu ya Wanepali ina vilele viwili: waliohitimu chuo ni wengi kuliko wastani wa Marekani, na papo hapo wasiomaliza sekondari nao ni wengi. Wastani wa makundi hayo mawili haumhusu mtu yeyote aliye hai. Mzee aliyetoka kambini bila kujua kusoma alitakiwa kufanya mtihani wa uraia kwa Kiingereza, isipokuwa alipopata msamaha, na kwa sheria ya mwaka 1996, ilivyorekebishwa mwaka 1997, mkimbizi asiye raia aliwekewa kikomo cha miaka 7 cha kupokea SSI, yaani msaada wa fedha kwa wazee na walemavu maskini. Kwa mzee huyo uraia ulikuwa ni kodi ya nyumba na chakula. Kumweka katika safu moja na mhandisi wa kompyuta aliyesomea Texas, kisha kusema kwamba Wanepali wanaendelea vizuri au vibaya, ni kuwaonea wote wawili.

Huduma yenyewe inatoa njia ya kutoka katika tatizo hili, na hapa inastahili sifa za dhati. Ndani yake kuna chombo cha kutengeneza majedwali kutoka kwenye kumbukumbu za mtu mmoja mmoja zilizoondolewa majina, ambacho mtumiaji huchagua nchi ya kuzaliwa, mwaka wa kuingia Marekani, umri, elimu, ufasaha wa Kiingereza na umiliki wa nyumba, kisha chombo kikafanya hesabu. Kwa njia hiyo mtu anaweza kuwaweka pamoja waliozaliwa Ukraine na waliozaliwa Nepal walioingia katika muongo mmoja, wenye umri unaokaribiana na elimu inayokaribiana, na huo ndio ulinganisho wa haki. Ukifanya hivyo, swali la baraza hubadilika: badala ya kuuliza Mslavi au Mnepali, unalazimika kuuliza aliingia lini, akiwa na umri gani, na akiwa na elimu gani. Mapungufu hayaishi hata hapo, kwa sababu utafiti hauulizi mtu aliingia kwa viza gani, hivyo mkimbizi na mshindi wa bahati nasibu hutofautishwa kwa kukisia tu. Aidha maeneo katika kumbukumbu hizo hayashuki chini ya watu 100,000, kwa ajili ya kulinda siri za waliojibu, na uamuzi huo mimi nauunga mkono.

Liko jambo jingine ambalo msomaji wa Tanga atalikosa mara moja, nalo ni fedha zinazotumwa nyumbani. Fedha kutoka ughaibuni zimekuwa takribani robo ya pato la taifa la Nepal, lakini jedwali la kipato cha kaya halionyeshi ni kiasi gani kilichobaki baada ya kuwatumia wazazi. Halionyeshi pia dhukuti, mchezo wa Wanepali wa kuchangishana na kupokezana ambao mwanamke yeyote wa Makorora au Chumbageni angeutambua kuwa ni upatu, wala akiba zilizowekwa katika Polish & Slavic Federal Credit Union, chama cha akiba na mikopo kilichoanzishwa New York mwaka 1976. Jamii mbili zinaweza kuwa na kipato sawa katika jedwali na zikatofautiana sana katika uwezo wa kununua nyumba, kwa sababu moja ina chama cha kukopesha na nyingine ina deni la wakala aliyewasafirisha.

Kuhusu matumizi ya kawaida, kurasa ni za Kiingereza na zinahitaji kioo kipana, hivyo ni kazi ya kompyuta na si ya simu. Majedwali yanapakuliwa bure bila kujisajili, na ni busara kuyapakua yote kwa wakati mmoja na kuyasoma nyumbani bila kutumia kifurushi. Mwalimu wa jiografia au uraia atapata humo mazoezi ya kutosha kwa muhula mzima.

Kwa msomaji wetu anayetaka kuwatafuta Watanzania, tahadhari ileile inamhusu. Katika jedwali kubwa la lugha, Kinepali kimewekwa pamoja na Kimarathi na lugha nyingine za jamii ya Kihindi, Kiukraine kimewekwa pamoja na lugha nyingine za Kislavi, na Kiswahili kimewekwa pamoja na lugha nyingine za kati, mashariki na kusini mwa Afrika, kwa hiyo muuguzi aliyetoka Tanga, mkimbizi aliyetoka Kongo na mwanafunzi aliyetoka Zimbabwe huenda wakawa katika safu moja. Asitumie jedwali hilo kueleza maisha ya Watanzania wa Marekani. Aende kwenye chombo cha kumbukumbu za mtu mmoja mmoja, ambako Tanzania imo katika orodha ya nchi za kuzaliwa, achague na mwaka wa kuingia, aunganishe miaka mitano kwa kuwa idadi ni ndogo, na asinukuu tarakimu yoyote bila kuandika pembeni kiasi inachoweza kukosea.